Nimeambiwa mapafu yangu yana miaka 81. Je, nimwache mzee wangu na sigara yake?

Ndugu Mshauri,

Nina miaka 64 na sijawahi kuvuta sigara hata siku moja. Mwezi uliopita nilipima mapafu kwa ile mashine ya kupuliza. Mpimaji aliniambia, huku akiandika, kwamba mapafu yangu ni ya mtu wa miaka 81. Hakuongeza neno kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nilitoka na karatasi mkononi, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nakueleza yote ili usilazimike kubahatisha. Nilikulia kwenye jiko la kuni, na nilipoolewa nikapikia mkaa hadi nilipofika miaka 45 hivi. Nikiwa na miaka 27 niliugua kifua kikuu, nikamaliza dawa, nikapona. Nina presha na ninameza kidonge kimoja kila asubuhi. Tangu nistaafu nimeongezeka kilo 11. Sasa nikipanda ngazi hatua kumi na kitu lazima nisimame, na nikitembea na wanawake wa rika langu wananiacha nyuma.

Mzee wangu ana miaka 70. Anavuta sigara tangu ujana, siku hizi kama nane kwa siku. Zamani alitoka nje, lakini magoti yalipoanza kumsumbua akahamia sebuleni, karibu na dirisha. Tumekaa kwenye ndoa miaka 39 na ni mtu mwema. Hajui kwamba nilikwenda kupima, wala sijawahi kumwomba aache. Najua hawezi.

Binti yetu anajua. Anasema sigara ya baba yake inaniua polepole, na mwisho wa mwezi ujao anakuja kunichukua nikaishi kwake moja kwa moja. Anakaa ghorofa ya nne, hakuna lifti, na chini kuna barabara ya magari mengi, lakini ndani hakuna anayevuta. Nikienda, mzee atabaki peke yake na ataona nimemkimbia uzeeni. Nikibaki, binti anasema asije akalaumiwa siku ya mazishi.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilipima mahali pengine. Palipoandikwa FEV1 ilikuwa lita 1.98 na FVC lita 2.66. Safari hii FEV1 ni 1.65 na FVC ni 2.24. Nimepoteza mililita 330 kwa miaka minne, yaani zaidi ya 80 kila mwaka. Nikiendelea hivyo, baada ya miaka 20 sitabaki na kitu. Nimeacha hata matembezi yangu ya asubuhi ili nisimalize pumzi iliyobaki. Mara hii urefu hawakunipima, waliniuliza nikasema sentimita 160. Sikupewa dawa yoyote ya kuvuta kabla wala baada ya kupuliza. Wiki tatu kabla ya kipimo nilikuwa na kikohozi, bado kinanirudia usiku. Chini ya karatasi kuna herufi D ambayo hakuna aliyenieleza.

Nifanye nini?

Ni mimi,
Mama wa Njia Panda

JIBU

Mama mpendwa,

Pole kwa mwezi mzima wa usingizi wa mang'amung'amu. Na ahsante kwa kuandika namba zote, hata zile ulizodhani hazina maana. Herufi D uliyoitaja mwishoni inabeba mambo mengi kuliko ile 81.

Barua yako ina mafundo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni pumzi yako, la pili ni ndoa yako. Umeyafunga kwa hesabu moja: sigara ya mzee imeyazeesha mapafu, kwa hiyo nikiiondokea sigara nimeokoka, na nikibaki nimekwisha. Inawezekana sehemu ya hesabu hiyo ni kweli. Lakini tuyafungue moja moja kabla hujafunga mizigo.

Nianze na 81. Mashine haina namna ya kuutazama umri wa mapafu. Inachukua FEV1 yako, yaani hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu, inaichanganya na urefu wako, kisha inauliza: mtu wa kawaida mwenye urefu huu hupuliza kiasi hiki akiwa na miaka mingapi? Kanuni inayojulikana zaidi ni ya Morris na Temple ya mwaka 1985. Nimeweka namba zako ndani yake na imetoa 81, kwa hiyo huenda ndiyo iliyotumika. Kwa wanawake, katika kanuni hiyo, kila mililita 100 za hewa ni miaka minne, na kila sentimita moja ya urefu ni karibu mwaka mmoja na nusu. Ukikohoa katikati ya kupuliza ukapoteza mililita 100, umezeeka miaka minne papo hapo. Ukitaja sentimita 160 ilhali siku hizi una 157, umejiongezea miaka minne mingine. Kanuni hiyo ilitungwa ili kuwashtua wavutaji wapate kuacha sigara, wala haisemi mtu amebakiza miaka mingapi ya kuishi. Wewe hujawahi kuvuta, lakini mshtuko umekupata wewe.

Sasa herufi D. Ni alama ya ubora wa kipimo chenyewe. Kipimo kizuri hupata A: mara tatu za kupuliza zinazokubalika, na mbili zilizo bora zisipishane kwa zaidi ya mililita 150. D maana yake ni kwamba mbili zako bora zilipishana kwa zaidi ya 200 hadi kufikia 250. Kwa kanuni ile ya umri, huo ni mpishano wa miaka minane hadi kumi ndani ya chumba kimoja, asubuhi moja, kwa mtu yuleyule. Hii haina maana kwamba kipimo ni bure. Ina maana kwamba pumzi yako halisi huenda ni kubwa kuliko iliyoandikwa.

Hata hivyo, Mama, sitakwambia kwamba hakuna kitu. Mililita 330 kutoka lita 1.98 ni karibu asilimia 17. Wataalamu wanaolinganisha vipimo vya miaka tofauti huanza kuuliza maswali pale upungufu unapofika asilimia 15. Mtu mwenye afya asiyevuta hupoteza mililita 20 hadi 30 kwa mwaka, kwa hiyo kwa miaka minne tungetegemea 80 hadi 120. Zaidi ya 200 zilizobaki zinahitaji maelezo. Zinaweza kuwa makosa ya kipimo, kikohozi, uzito, ugonjwa, au mchanganyiko wa hayo. Na hesabu yako ya miaka 20 inasimama juu ya nukta mbili tu, kutoka mashine mbili tofauti, moja ikiwa na D. Kwa nukta mbili kama hizo huwezi kujua mstari unaelekea wapi.

Tazama pia kitu ambacho huenda hukukiona. Gawanya FEV1 kwa FVC, yaani hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote uliyotoa. Miaka minne iliyopita ilikuwa 0.74, na sasa ni 0.74. Moshi wa sigara na wa kuni ukiharibu njia za hewa, kwa kawaida uwiano huu hushuka, kwa sababu njia zimekuwa nyembamba na hewa inachelewa kutoka. Wako haujashuka. Kilichopungua ni hewa yote kwa pamoja. Hilo hutokea mtu anapoongezeka uzito tumboni na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikakosa nafasi ya kushuka, mgongo unapopinda, makovu yanapolivuta pafu, au, na hili ni la kawaida sana kwa watu wazima, mtu anapokatiza kupuliza mapema. Ukiacha kupuliza kwenye sekunde ya tatu wakati hewa bado inatoka, FVC inakuwa ndogo kwa uongo na uwiano unapendeza kwa uongo. Kwa hiyo 0.74 yako hainipi ruhusa ya kusema njia zako za hewa ni salama, na haimpi binti yako ruhusa ya kusema sigara ndiyo iliyokula zile mililita 330.

Mapafu hufika kileleni kati ya miaka 20 na 25, hukaa hapo kitambo, kisha kuanzia miaka ya thelathini huanza kushuka. Nyuzi zinazolirudisha pafu baada ya kutanuka hulegea, gegedu za mbavu hukakamaa, kiwambo hupungua nguvu, na hewa inayobaki ndani baada ya kupumua nje huongezeka. Hayo humpata kila mtu. Kinachotofautiana ni vitu viwili: kilele kilikuwa juu kiasi gani, na mteremko ni mkali kiasi gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliopata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hawakuwa na mteremko mkali. Walianza ujana wakiwa na kilele kifupi. Moshi wa kuni utotoni na magonjwa ya kifua ya utotoni huweza kukishusha kilele. Kifua kikuu chako cha miaka 27 kinaweza kuwa kilikata kipande baadaye, maana ugonjwa huo huacha makovu hata kwa aliyepona kabisa. Huenda ulianza safari hii ukiwa na kibaba pungufu kabla hujakutana na mzee.

Hilo halimsafishi mzee. Moshi wa sigara ya mtu mwingine hauna kiwango salama. Kufungua dirisha hakutoshi, kwa sababu upepo huurudisha ndani na chembe zake hubaki hewani kwa saa kadhaa. Kwa mapafu ya mtu mzima asiyevuta, madhara yake kwenye kasi ya mteremko ni madogo kuliko ya anayevuta mwenyewe. Kwa moyo, hali ni nzito zaidi: asiyevuta anayeishi na moshi nyumbani huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na wewe tayari una presha. Ndiyo maana, vyovyote kipimo kitakavyosema, moshi unastahili kutoka sebuleni.

Kabla ya mwisho wa mwezi ujao kuna nafasi ya kurudia kipimo, nami ningependa urudie kikohozi kikiwa kimetulia. Kama kinaendelea, mwone daktari kwanza, usisubiri. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu kinahitaji kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua. Mtajie kidonge chako cha presha kwa jina, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huleta kikohozi kikavu, na nyingine hubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Usiache kidonge hicho kwa uamuzi wako mwenyewe. Omba pia apime damu yako na kuusikiliza moyo. Upungufu wa damu na moyo uliochoka humsimamisha mtu kwenye ngazi vilevile kama mapafu, na mashine ya kupuliza haiwezi kuona hata kimoja.

Siku ya kipimo vaa nguo isiyobana kifua wala tumbo. Usifanye kazi nzito katika saa moja kabla, wala usikae kwenye moshi. Vua viatu upimwe urefu, mgongo ukutani. Kama mgongo umepinda, waombe wapime urefu wa mikono iliyonyooshwa pembeni, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, maana huo haupungui na umri. Kaa wima, nyayo zote sakafuni, pua ibanwe. Meno ya bandia yaliyokaa imara yabaki mdomoni. Vuta hewa hadi kifua kijae kabisa, funga midomo kwenye kifaa, kisha lipuka bila kusita hata nusu sekunde. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Endelea kusukuma mpaka mashine ionyeshe mstari umelala au sekunde 15 zitimie. Pumzika, rudia. Zinatakiwa tatu nzuri, na kwa kawaida hawavuki mara nane. Kisha waulize kama watakupa dawa ya kupanua njia za hewa na kupima tena baada ya dakika 15. Namba ikipanda vya kutosha, daktari atafikiria pumu, ambayo ina tiba, na ambayo huanza hata uzeeni.

Omba karatasi ionyeshe pia umbali wako kutoka wastani wa watu wa umri, jinsia na urefu wako (z-score). Kwa lugha ya mashine, chini ya -1.64 ndiko kunakohesabiwa kuwa nje ya kawaida. Namba hiyo ni mwaminifu kuliko umri wa mapafu.

Sasa nyumba. Kuhamia kwa binti kuna faida moja kubwa ya kweli: hewa ya ndani bila sigara. Kuna pia ghorofa nne bila lifti kwa mtu anayesimama kwenye hatua ya kumi na kitu. Hatari iliyo karibu ni kwamba utashuka mara moja kwa wiki, miguu itakonda, na pumzi itapungua kwa kukaa. Moshi wa magari nao huhesabiwa kwenye mapafu ya wazee, ijapokuwa ghorofa ya nne ni afadhali kuliko ya chini. Na kuna upweke wa watu wawili, wako na wa mzee, ambao hakuna mashine inayoupima.

Kubaki bila kubadilisha kitu kuna hatari nilizokwisha kuzitaja. Lakini kuna kubaki kwa namna nyingine, na hapo ndipo nataka kukuuliza kwa upole: umeandika kwamba mzee hawezi kuacha, na kwamba hujawahi kumwomba. Umejuaje? Hajui ulipima. Hajui unasimama kwenye ngazi kwa sababu gani. Pengine ukimwekea karatasi mbele atakasirika. Pengine atanyamaza siku tatu. Pengine atakubali jambo dogo kuliko kuacha, yaani sigara isiwashwe tena chini ya paa. Magoti ndiyo yaliyomleta sebuleni, basi tatizo la kwanza ni kiti. Kiti kizuri chenye mikono, chini ya kivuli, hatua chache mbali na mlango na madirisha, kinaweza kufanya kazi ambayo mahubiri hayawezi.

Akitaka kwenda mbali zaidi, miaka 70 si kuchelewa. Katika utafiti mkubwa wa wavutaji waliokwisha anza kuzibwa njia za hewa, wanaume walioacha walipoteza kama mililita 30 kwa mwaka kwa miaka 11, na walioendelea walipoteza kama 66. Kwa sigara nane kwa siku, kiraka cha nikotini cha miligramu 14 ndicho huanziwa mara nyingi, kikibandikwa mahali papya kila siku, baada ya kuzungumza na mhudumu wa afya kuhusu moyo wake. Siku tatu za kwanza huwa ngumu kuliko zote, na hasira za wiki mbili hadi nne za mwanzo si tabia yake mpya. Na yeye apime. Jaribio la mwaka 2008 liliwapa wavutaji umri wa mapafu yao, na baada ya mwaka mmoja waliokuwa wameacha walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya 6.4 kwa wale waliopewa namba tupu. Hatari yake ni kwamba mzee mwenye namba nzuri anaweza kuichukua kama kibali, kwa hiyo mwende pamoja mkaisikie mbele ya mtaalamu.

Ipo pia njia ya katikati: kwenda kwa binti kwa wiki kadhaa kama mgeni, bila kuita kuhama, wakati sebule inasafishwa na mzee anajaribu kiti chake cha nje. Hatari yake ni kwamba wiki hugeuka miezi bila yeyote kuamua. Ukiichagua, taja tarehe ya kurudi mbele ya wote wawili. Na binti aelezwe kwamba lile neno la mazishi limekuumiza. Amelisema kwa hofu, lakini hofu yake imekufanya uamue ukiwa umebanwa ukutani.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungukazunguka, nalo ni matembezi. Pumzi haimo kwenye mtungi unaopungua kwa kutumiwa. Misuli ya miguu isiyotumika hudai hewa nyingi zaidi kwa hatua ileile, kwa hiyo kila wiki ya kukaa inazifanya ngazi kuwa ndefu. Daktari akishaona moyo uko sawa, anza na dakika kumi mahali tambarare, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ongeza dakika mbili au tatu kila wiki. Pumzi ikibana, simama, vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza chai, ukihesabu nne. Kwenye ngazi vuta hewa ukiwa umesimama, panda ukiwa unaitoa. Hayo hayataongeza FEV1 yako. Yataongeza umbali unaofika kabla ya kusimama. Uzito nao ukishuka kilo chache, kiwambo hupata nafasi. Chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia zinafaa kwa umri wako, kwa sababu ugonjwa mmoja mzito wa kifua unaweza kuteremsha pumzi kuliko miaka kadhaa ya uzee.

Ukikohoa damu, ukakonda bila kujua sababu, ukatokwa na jasho jingi usiku, ukavimba miguu, ukashindwa kulala bila mito mingi, au ukaumwa kifua, usisubiri tarehe ya kipimo. Nenda siku hiyohiyo.

Ukishapima upya, tuandikie tena: FEV1, FVC, herufi ya ubora, urefu uliopimwa, na namba ya baada ya dawa. Tuambie pia mzee alijibu nini ulipomwonyesha karatasi, kama utaamua kumwonyesha.

Mshauri wako